Sura ya Tisa: Taulo Mlangoni pa Mzinga wa Nyuki

Sajini Gwenda Salt alimshusha mbwa garini saa tano na nusu asubuhi, siku ya Jumapili, katika mvua ile ya kwetu ya mwezi wa Machi, isiyonyesha wala kuacha. Mbwa mwenyewe alikuwa jike, mweusi, kifua cheupe, ncha ya sikio la kushoto imechanika. Kwenye jalada la kesi aliitwa Kielelezo Namba Moja. Nyumbani kwake aliitwa Tansy.

Kesho yake, saa nne asubuhi, shauri la Tansy lingefika mbele ya hakimu. Kama hapangepatikana jambo jipya, angechomwa sindano ya mwisho kabla ya jioni.

Kisa kilikuwa hivi. Jumapili iliyotangulia, saa nane kamili mchana, mkulima Clifford Brindley alitazama dirishani akaona mbwa mweusi mwenye kifua cheupe akiwakimbiza kondoo wake wenye mimba. Watatu walikufa. Bondeni Brindley alimjua mbwa mmoja tu wa namna hiyo, naye ni wa Edwin Tunnicliffe, mgane wa miaka sabini na minane anayeishi nyumba ya mwisho kabla ya mlima. Jioni ile ile Sajini Salt alikwenda kumchukua mbwa.

"Saa nane mlikuwa wapi, Mzee Tunnicliffe?"

"Wetherlow, kwenye baa ya Mzinga wa Nyuki. Kila Jumapili tunatembea mlimani, kisha tunashukia pale kula."

"Kuna mtu anakujua pale?"

"Wote wananijua," mzee alijibu, na kidevu kikainuka kidogo.

Asubuhi yake Sajini alipiga simu Mzinga wa Nyuki. Akapokea mama mwenye baa, sahani zikigongana nyuma yake. Mzee anayeitwa Tunnicliffe? Hamjui. Mbwa anayeitwa Tansy? Hapana, hakuna Tansy, na yeye mbwa wote wa Jumapili anawajua kwa majina, asante, siku njema. Simu ikakatwa.

Sajini alirudi kwa mzee akamwambia maneno matatu ambayo baadaye aliyajutia sana: "Pale hawakujui, mzee." Edwin Tunnicliffe aliketi. Hakubisha wala hakuuliza. Tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la baa ile, hata kwa wakili wake.

"Akiacha kubisha, ujue ni kweli," Brindley alisema kituoni, na wengi wakatikisa vichwa kukubali.

Kilichomtoa Sajini nyumbani siku yake ya mapumziko ni mstari mmoja wa ripoti ya daktari wa mifugo. Utaratibu ni kwamba mbwa akituhumiwa kuua kondoo hutapishwa, aangaliwe kama kameza manyoya. Tansy hakutoa unyoya hata mmoja. Hilo peke yake halikumsaidia, maana mbwa anaweza kuua bila kumeza kitu. Lakini daktari, Mungu ambariki kwa uangalifu wake, aliandika pia alichokiona: viazi vya kuoka, nyama ya ng'ombe ya kuoka, karoti za siagi.

Sajini alikuwa ameliona jiko la Edwin Tunnicliffe. Lilikuwa na makopo ya supu, mkate, na jiko la umeme ambalo ndani yake mzee aliweka magazeti ya zamani. Sasa nani alimpikia mbwa huyu chakula cha Jumapili?

Alianzia kwenye geti la mzee. Pazia lilikuwa limefungwa. Hakumwongoza mbwa, alilegeza kamba, akamfuata.

Tansy alipanda mlima kwa njia ya miguu, akavuka kuta mbili za mawe, akateremka upande wa pili bila kusita. Baa ya kwanza njiani ilikuwa Farasi Mweupe. Sajini aliwaza kwamba mzee huenda kachanganya majina ya baa, basi akakata kona kwenda kuuliza. Tansy alifika kwenye changarawe za mlangoni akaketi. Alivutwa, hakuinuka. Alitazama pembeni kama mtu aliyesimamishwa nje ya nyumba ya watu asiowajua.

Mwenye baa, Rupert Fenn, alitokea na kitambaa begani.

"Mbwa mwisho hapo, tafadhali. Zulia jipya."

"Umewahi kumwona huyu?"

"Huyu? Hapana. Wa zamani kabla ya zulia ndio walioingia, nao wote sasa wamehamia Wetherlow na baba zao. Mke wangu ananilaumu mpaka leo."

"Jumapili iliyopita?"

Fenn alikuna shingo. "Jumapili iliyopita kulikuwa na mweusi mwingine, kifua cheupe hivyo hivyo. Wa wageni waliopanga nyumba ya Lowgate. Mbwa mdogo bado, hashikiki. Walimfunga hapo kwenye benchi, akachomoka. Wakaja ndani kuuliza kama nimemwona."

"Saa ngapi?"

"Saa saba na nusu. Nilikuwa nimeanza kupakua."

"Na hukuwaambia polisi?"

"Hakuna aliyeniuliza, Sajini."

Sajini aliandika yote, pamoja na jibu hilo la mwisho, kwa hasira kidogo, maana lilikuwa la haki. Toka Farasi Mweupe hadi shamba la Brindley ni nusu saa kwa mbwa anayekimbia. Lakini kuwapo kwa mbwa mweusi wa pili hakumtoi wa kwanza kwenye hatia. Hakimu angesema: vizuri, sasa nioneshe huyu wako alikuwa wapi.

"Asante, Bwana Fenn. Na pole kwa zulia."

Walipofika njia panda, kibao kilielekeza kulia kwenda barabara kuu na kushoto kwenda Wetherlow. Tansy hakusoma kibao. Alishika kushoto, tena sasa akivuta, mkia juu, mpaka Sajini akawa anakimbia na buti zake zikipiga matope. Waliingia kijijini namna hiyo saa saba na robo.

Mzinga wa Nyuki ni nyumba ya mawe yenye mlango mfupi. Juu ya mlango, kama ilivyo desturi, pamechorwa kwa rangi jina la mwenye leseni ya kuuza vileo. Sajini hulisoma kila anapoingia baa yoyote. Ni mazoea ya kazi. Mvua ilikuwa imekula herufi ya kwanza, likabaki OREEN MOTTRAM. Pembeni ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia taulo kuukuu la kijani, na chini yake palikuwa na mkeka.

Tansy alipanda kwenye mkeka akasimama. Akainua mguu wa mbele wa kulia, akauweka hewani akingoja.

Sajini alimtazama, akalitazama taulo. Alilichukua, akaufuta ule mguu. Mbwa akashusha, akainua wa kushoto. Kisha akageuka mwenyewe, akatoa wa nyuma.

"Ee, kumbe," Sajini alisema kwa sauti, peke yake mvuani. Farasi Mweupe mbwa huyu hakuinua hata kucha. Hapa alikuwa na adabu za nyumbani, na adabu hizo kuna mtu alimfundisha.

Ndani palijaa watu, joto la kuni na harufu ya nguo mbichi zinazokauka. Chini ya karibu kila meza palikuwa na mbwa. Tansy alipita katikati yao bila kusalimia, akaenda hadi kwenye benchi la dirishani, meza ndogo ambayo peke yake haikuwa na mtu. Akajilaza chini yake, kidevu kwenye miguu, akitazama mlango wa jikoni.

Sajini hakuketi. Alisimama kando ya kaunta akingoja, asimtie mtu yeyote neno mdomoni.

Mlango wa jikoni ukafunguka kwa teke. Mama mnene mwenye sahani nne mikononi akatoka, akamwona mbwa, na sahani zote nne zikatua kwenye meza isiyoziagiza.

"Nancy! Jamani, Nancy! Ulikuwa wapi wewe? Na baba yako yuko wapi?"

Tansy alimrukia hadi kifuani. Baa nzima ikageuka. "Nancy karudi!" mtu akasema, na mwingine akapiga meza.

"Samahani, mama," Sajini alisema akitoa kitambulisho. "Sajini Salt. Wewe ndiye mwenye baa?"

"Noreen Mottram, ndiyo. Bi Noreen kwa kila mtu. Kuna nini? Usiniambie mzee amekufa. Meza yake nimemzuilia watu tangu asubuhi, na wiki nzima sikujua nimuulizie kwa nani!"

"Hajafa. Bi Noreen, umemwitaje huyu mbwa?"

"Nancy."

"Nani alikuambia anaitwa Nancy?"

"Baba yake mwenyewe! Siku ya kwanza kabisa, huu mwaka wa tano. Nilimuuliza, akaniambia."

"Anaitwa Tansy."

"Nani?"

"Huyu. Jumatatu nilikupigia simu nikakuuliza juu ya mbwa anayeitwa Tansy na mzee anayeitwa Tunnicliffe. Ukasema huwajui."

Bi Noreen alifungua mdomo, akaufumba, akashika kaunta. Uso ukamwiva. "Miaka mitano," alisema. "Miaka mitano namwita mtoto wa watu jina silo, na yule mzee ananyamaza tu! Kwa nini hakuniambia?"

"Pengine alikuwa anangoja unyamaze kwanza," alisema mzee mmoja kutoka kwenye kiti cha pembeni ya moto.

"Wewe Cyril, funga domo lako."

Huyo alikuwa Cyril Bagnall, dereva wa zamani wa lori la maziwa, na mbwa wake mfupi mwenye ndevu aliitwa Meja. Sajini alimgeukia.

"Na wewe jina la mzee hulijui?"

"Baba Nancy."

"Jina lake."

"Ndilo hilo. Mimi mwenyewe hapa ni Baba Meja. Mke wangu pekee ndiye ananiita Cyril, na huyu Noreen akikasirika." Aliangalia huku na huku. "Kuna anayejua jina la Baba Nancy?"

Hakuna aliyejua. Sisi wateja wa pale tumekaa naye jirani ya moto miaka mitano, tukijua anapenda mchuzi mwingi, tukijua mkewe alikufa kwa kifua, na jina lake hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza. Tulianza kutazamana viatu.

Sajini akawaeleza, kwa sauti ya kazi, kondoo watatu, hakimu na sindano.

"Kesho?" Bi Noreen aliuliza.

"Kesho saa nne asubuhi. Kwa hiyo sitaki maneno ya mapenzi, mama, nataka ya uhakika. Jumapili iliyopita saa nane kamili huyu mbwa alikuwa wapi?"

"Alikuwa hapo, amesimama juu ya kiti, akichagua karatasi ya bahati nasibu."

"Sema tena?"

"Bahati nasibu ya nyama! Kila Jumapili saa nane. Watu wananunua karatasi, fedha zinakwenda kwa wale wa uokoaji mlimani, nasi zawadi yetu ni kipande cha nyama. Karatasi tunatia kwenye kofia ya Cyril, na anayechomoa ni Nancy, maana mwaka juzi nilipochomoa mimi dada yangu alishinda mara tatu mfululizo, wakanisema vibaya."

"Tunakusema bado," Cyril aliongeza.

"Nioneshe," Sajini alisema. "Usimwambie neno. Weka kofia kitini, urudi nyuma."

Ameendesha magwaride mengi ya utambulisho, Gwenda Salt, lakini la namna hii lilikuwa la kwanza. Cyril aliweka kofia yake kitini na vijikaratasi ndani. Tansy aliinuka chini ya benchi, akapanda kiti cha jirani kwa miguu ya mbele, akatia pua kofiani, akatoka na karatasi moja nyekundu kwenye midomo. Hakuitafuna. Alimpelekea Bi Noreen mkononi, kisha akaketi kudai kiazi chake.

Walipiga makofi, lakini Sajini hakucheka bado. "Hiyo inanionesha amewahi kufanya. Hainioneshi alifanya lini. Nani ana kitu chenye saa?"

Bi Noreen alikuwa tayari anaipapasa simu. Kila mshindi hupigwa picha. Hii hapa ya Jumapili iliyopita: Cyril amekumbatia paja la nyama, na Nancy kando yake, karatasi mdomoni. Sajini aliikuza picha kwa vidole. Ncha ya sikio la kushoto imechanika. Saa ya ukutani nyuma yao, saa nane na dakika nne. Akaangalia muda uliohifadhiwa na simu yenyewe: saa nane na dakika nne. Akaitazama saa ya ukutani, akailinganisha na ya mkononi mwake. Zilikwenda sawasawa.

"Na lile paja ni la mnyama gani?"

Cyril alijikohoza. "La kondoo, Sajini. Ndiye kondoo pekee Nancy aliyemkaribia siku ile, naye alikuwa ameganda kwa barafu."

Hapo Sajini Salt akacheka, na alipoanza hakuweza kuacha upesi. Toka pale hadi shamba la Brindley ni maili nne na mlima katikati. Mbwa hawezi kuwa juu ya kiti Wetherlow na wakati huo huo yuko malishoni. Alitoka nje kumpigia simu mkuu wake. Alirudi akiwa amelowa, akasema, "Kesho shauri linaondolewa. Huyu analala kwake leo. Na nimetuma watu wawatafute wale wageni wa Lowgate."

Kelele zilizopigwa pale ziliwaamsha mbwa wote, nao wakajibu.

Bi Noreen hakupiga kelele. Alikuwa anafuta macho kwa aproni. "Ulimwambia nini mzee, ulipotoka kwenye simu yangu?"

Sajini angeweza kulikwepa. "Nilimwambia hamumjui."

"Ewe Mola. Na yeye akasadiki."

"Akasadiki. Kosa ni langu, Bi Noreen. Niliuliza kwa jina, sikuuliza kwa sura. Ningekuja mwenyewe siku ile ile."

"Umekuja leo kwa miguu yako, kwenye mvua, siku yako ya kupumzika," Bi Noreen alisema akimshika mkono. "Asante, mwanangu. Ungekaa nyumbani, sisi tungesoma gazetini kwamba kauawa mbwa anayeitwa Tansy, tukasema maskini, halafu tukaendelea kumngoja Nancy."

Cyril alikuwa ameshavaa koti. "Anakaa wapi?"

"Simu hapokei, mlango hafungui," Sajini alimwonya.

"Nitamwambia neno moja tu kwenye tundu la barua."

Aliondoka na Meja kwenye gari lake la mizigo. Sajini alitumia muda huo kuandika maelezo ya shahidi, mstari kwa mstari, akimsomea Bi Noreen kila sentensi. Penye jina la mbwa waliandika "Tansy, ajulikanaye pia kama Nancy." Chini Bi Noreen akatia saini yake kubwa, Noreen Mottram, huku akilalamika bado.

"Mtu akinikosea jina langu mimi, namwambia papo hapo! Kuna ubaya gani? Si dakika moja tu? Watu wa bonde hili wana haya za kijinga."

Saa nane kasoro dakika tano mlango ulifunguka. Cyril aliingia kwanza, akasogea pembeni. Nyuma yake alisimama Edwin Tunnicliffe, koti limefungwa vifungo vibaya, ameshika kofia kwa mikono miwili. Hakuna aliyehitaji kuuliza neno gani lilifungua ule mlango. Baadaye Cyril alitwambia: alichomwambia tu ni kwamba Nancy anamngoja.

Mbwa alimfikia kabla hajafika kwenye mkeka. Mzee alipiga magoti pale pale mlangoni, akazika uso kwenye shingo nyeusi, na sisi tukapata kitu cha kutazama ndani ya vikombe vyetu.

Alipoinuka, Bi Noreen alikuwa mbele yake.

"Kwa nini hukuniambia, baba? Miaka mitano!"

"Siku ile palikuwa na watu wengi," Edwin alisema taratibu. "Uliniuliza, nikasema Tansy, ukasikia Nancy. Ukamwita kwa furaha, ukamletea kiazi. Nikaona nikikusahihisha nitakuaibisha mbele za wateja. Nikasema nitakuambia wiki ijayo." Aligeuza kofia mikononi. "Kisha akawa anaitikia."

"Na jina lako wewe?"

"Edwin. Hakuna aliyeuliza."

"Tutubuni sote," Cyril alinong'ona.

Mzee alimwona Sajini Salt, akamtikisia kichwa kwa heshima. Sajini alijitokeza. "Mzee Tunnicliffe, nilikosea. Walikuwa wanakujua."

"Nimeambiwa umetembea njia yetu yote kwa miguu," mzee alisema. "Kwenye tope hili. Asante sana, binti yangu. Sina la zaidi." Kisha akawageukia wengine, akitafuta maneno. "Wiki hii nilidhani nilikuwa najidanganya. Kwamba mimi hapa ni mtu wa kuota moto tu. Tangu Elspeth wangu aondoke, Jumapili ndiyo siku pekee nasikia mtu akiniita, hata kama ni Baba Nancy. Nawashukuru. Nawashukuru wote, na zaidi ya wote wewe uliyenitunzia meza." Alimshika mwenye baa mikono miwili. "Asante sana, Bi Doreen."

Cyril aligeukia dirisha ghafla, mabega yakimtikisika. Sajini alilikumbuka jina la juu ya mlango, na herufi iliyoliwa na mvua.

Bi Noreen alifungua mdomo. Alimtazama mzee, macho yake yaliyolowa, koti lililofungwa kombo, na mbwa aliyeegemea goti lake. Akaufumba.

"Karibu sana, Edwin," alisema. "Kaa mezani kwako, nakuletea nyama na mchuzi mwingi. Halafu mwambie huyo mwanao ajitayarishe, saa nane imefika na watu wanataka bahati nasibu yao."

Sajini Salt alikunja maelezo yenye saini, akayatia mfuko wa ndani, akanyamaza kama sisi wengine.